Mama Mkubwa Anataka Kusoma

Kila alasiri akitoka shule, kabla hajavua hata soksi, Kiherehere alikuwa na kazi yake barazani: kupitisha sumaku chini ya cherehani ya Mama Mkubwa na kunasa pini na sindano zilizoanguka. Aliifanya mbiombio, jicho moja likiwa mlangoni, na kila siku sumaku yake iliacha pini mbili tatu kwa ajili ya nyayo za watu. Jina lake halisi hata mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa amelisahau.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa marehemu mama yao. Ndiye aliyewalea Kiherehere na dada yake, tangu Kiherehere akiwa mtoto wa mgongoni, kwa sababu baba yao alikuwa dereva wa lori la mizigo, mtu wa kulala njiani kuliko nyumbani. Mama Mkubwa alishona sare za wanafunzi wa mtaa mzima. Muda wote wa kazi alibana pini midomoni, kwa hiyo alizungumza polepole, neno moja moja, na asiyekuwa na subira hakuusikia mwisho wa maneno yake.

Ijumaa hiyo Baba alirudi kutoka safari, na Jumatatu alfajiri alitakiwa kuondoka tena. Aliwaita wanawe chumbani akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ameweka akiba ili ampe shemeji yake zawadi ya maana. Mashuka alishampa, masufuria alishampa. Safari hii alitaka kitu kitakachomfurahisha kweli, na kiwe hicho kimoja, kwa sababu uwezo wa kununua cha pili haukuwepo. Akamtuma Kiherehere amchunguze Mama Mkubwa anapenda nini, bila mwenyewe kushtukia.

Kiherehere hakungoja kutumwa mara mbili. Alimkuta Mama Mkubwa akipinda sketi.

"Mama Mkubwa, ukipata nafasi ungependa kufanya nini?"

Mama Mkubwa akalisimamisha gurudumu la cherehani. Akafikiri. "Kusoma," alisema katikati ya pini zake. "Ningepata nafasi, mwanangu, ningesoma..."

Alipoinua macho, barazani palikuwa na kandambili moja tu. Ya pili ilikuwa imeachwa kizingitini.

Kiherehere alikuwa na sababu ya kukimbia. Kwenye kabati la vioo la duka la simu palikuwa na kifaa cha kusomea vitabu, chembamba, chenye nafasi ya kuweka vitabu vingi kuliko kabati zima la shule yao. Tangu kiwekwe pale alikuwa akikitazama hadi pua inagusa kioo. Sasa alikiona kama kiko mezani kwa Mama Mkubwa, Mama Mkubwa akishona, na yeye Kiherehere akikishika tu ili kisipate vumbi. Wazo hilo alilifukuza kama nzi, likarudi kama nzi.

Usiku huo chakula kilipoa kwa mabishano. Dada yake, aliyekuwa kidato cha nne na mwenye tabia ya kuipinga hata mvua, alisema hajawahi kumwona Mama Mkubwa na kitabu mkononi. Alisema kifaa kikidondoka kwenye sakafu ya saruji ndiyo basi, na aliuliza nani atamwekea vitabu vingine akishamaliza vilivyomo. Kiherehere alikuwa na jibu kwa kila swali. Herufi zinakuzwa, macho hayaumii. Chaji inakaa siku nyingi. Na kama hasomi, yale magazeti yaliyojaa chini ya meza yake ni ya nini?

Baba alikubali kwamba magazeti ni kweli yapo tele. Dada akairudia sahani yake, lakini hakuwa ameridhika. Kiherehere hakupata usingizi wa maana. Alikuwa na furaha, ila kitu fulani kilimkera kama lebo ya shati shingoni.

Asubuhi walifika dukani kabla mwenye duka hajamaliza kufagia. Watu walimwita Mkurugenzi kwa sababu ya tai yake, ambayo hakuivua hata kwenye joto. Aliwaambia kwamba kifaa kimebaki hicho kimoja, na kuna mteja atakayekuja mchana kukichukua. Ukutani nyuma yake palikuwa na kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Baba akaingiza mkono mfukoni. Miguu ya Kiherehere ilikataa kutulia. Alisimama kwa mmoja, kisha kwa mwingine.

"Nitawawekea na vitabu vya kuanzia, bure," Mkurugenzi alisema. "Huyo mama anapenda kusoma nini?"

Baba akamtazama Kiherehere. Dada naye akamtazama. Kiherehere alifungua mdomo, neno "hadithi" likawa tayari ulimini. Nani angejua? Lakini alikumbuka alivyomwacha Mama Mkubwa barazani akizungumza na kandambili, akaona aibu.

"Sijui," alisema. "Alisema kusoma, basi. Sikungoja amalize." Kisha akainamisha kichwa. "Na kusema kweli, Baba, ninayekitamani ni mimi."

Mkono wa Baba ukatoka mfukoni mtupu. Mkurugenzi alimkumbusha kuhusu mteja wa mchana, naye Baba akamjibu kwa upole kwamba huyo mteja auziwe tu. Wao walikuwa na swali la kumalizia.

Walimkuta Mama Mkubwa ametandaza gazeti mezani, anakata mfano wa kola. Kiherehere alivuta kigoda, akakaa, akayashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mama Mkubwa, jana ulisema ungesoma. Ungesoma nini?"

Mama Mkubwa alizitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Darasani, mwanangu. Nilikuwa chuo cha ufundi, nikisomea kukata suti na makoti. Nilibakiza muhula mmoja, mama yenu akatutoka, nikaja kwenu. Sijutii. Lakini wiki ijayo wanaandikisha wanafunzi wa jioni, na moyo wangu hautulii." Akaligonga gazeti kwa kidole. "Haya siyasomi, nayakata. Hata tangazo la chuo nililiona mkasi ukiwa umeshafika katikati yake."

Baba akasema kwamba anaona haya, maana miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Shemeji, kwa nini hukusema?"

"Mbona nilisema? Msikilizaji akakimbia."

Wote walicheka, na Kiherehere alicheka huku machozi yakimtoka. Baba alimpigia simu tajiri wake kuomba lori lisubiri hadi mchana wa Jumatatu. Asubuhi ya siku hiyo akafuatana na Mama Mkubwa chuoni, na ile akiba ikaenda kwenye ada ya muhula uliobaki.

Jioni ya kipindi cha kwanza chuoni Mama Mkubwa alitoka chumbani akiwa amebeba begi la zamani la Kiherehere, mkanda wake ameushona upya. Alikuwa na wasiwasi kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakuuficha. Alisimama mbele ya Kiherehere.

"Masikio yako ni mazuri, mwanangu, tatizo yana miguu. Ukitaka kumpa mtu kitu, mngoje kwanza amalize kusema. La sivyo utampa unachokitaka wewe. Na usipojua jambo, sema hujui, kama nilivyosikia ulisema dukani. Ungedanganya pale, leo nisingekwenda popote."

Akaondoka haraka, asije akachelewa.

Kiherehere aliichukua sumaku. Aliipitisha polepole chini ya cherehani, chini ya meza, mpaka nyuma ya mlango, kisha akarudia. Hakubakisha hata pini moja. Mama Mkubwa angerudi amechoka, na viatu angevivulia hapohapo.