Kipande Kilichorukwa

Duka lilijaa watu hadi mlangoni, kila mtu akitaka dikoda mpya inayorekodi, na kwenye rafu ilibaki moja tu. Joram akaishika upande huu. Upande wa pili ikashikwa na mkono mwembamba, uzi mwekundu wa cherehani umeviringishwa kidoleni.

"Kaka, achilia. Jumatano nashona yunifomu mpaka usiku, mchezo wangu wa runinga unanipita."

"Na mimi nachomelea mageti Kondele. Unanipita vilevile."

Yule dada, gauni la kitenge cha njano na macho ya kucheka, akampima. "Basi kitendawili. Ukikitegua, ni yako."

"Tega."

"Nimemfungia mgeni Jumatano, namfungulia Jumapili, bado anacheka kicheko kilekile."

Joram akakuna kichwa. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Kisumu."

"Nilikwenda Kisumu, nikala samaki ngege na ugali, nikashiba. Mgeni ni mchezo uliorekodiwa!" Akalikumbatia boksi. "Lakini mimi si mchoyo. Jumapili njoo Manyatta, uliza fundi Metrine, utazame."

Ndivyo mapenzi yalivyoingia, kwa mlango wa mbele, rimoti mkononi. Kila Jumapili baada ya kanisa Joram alifika na shati lililonyooka kwa pasi, Metrine akakaanga omena, dagaa wa ziwani, wakatazama familia moja yenye hoteli kando ya bahari ikigombana. Walikuwa wameapa: hakuna kutazama peke yako. Joram alimwita Jaber, yaani mrembo. Naye akamwita Ja-Usenge, kwa jina la kwao.

Lakini huko kwao hakukwenda. Tangu wamzike mdogo wake Griffins, aliyemezwa na ziwa, Joram hakukanyaga tena ufuo wa Usenge, na mama yake yuko huko. Sasa mwanamke ambaye hujampeleka kwa mama, utamwitaje mke?

Jumapili moja Metrine alitoka kununua makaa. Joram akabonyeza rimoti, dikoda ikamwuliza: utaendelea pale ulipoachia?

Nani aliachia? Akakumbuka Metrine alivyozoea kuruka vipande: "Hapa ni upuzi tu, mpenzi." Alijuaje ni upuzi?

"Metrine, nani alikuwa hapa?" akamwuliza alipoingia.

"Hapa wapi?"

"Kwenye kiti changu. Mchezo umetazamwa nusu."

Metrine akatazama makaa yake. "Hakuna mtu."

"Kumbe siku hizi dikoda inajitazama yenyewe!" Joram akachukua koti, akaenda zake.

Simu ikalia, akaiacha ilie. Akachomelea geti la watu, likatoka limepinda kama mdomo wa mwenye wivu. Mwishowe akapokea.

"Ja-Usenge, usikate. Nakuja."

"Na nani?"

"Na rimoti."

Kweli alikuja nayo hadi Kondele, imefungwa kwenye leso kama yai. "Twende ubonyeze mwenyewe pale nilipoachia. Ukimwona huyo mwanamume, ondoka naye."

Wakaenda. Joram akabonyeza. Kwenye runinga mashua ikapinduka. Wimbi, mkono, kisha maji matupu. Joram akarudi nyuma kitini.

"Siku ile ufuoni Dunga tukila samaki," Metrine akasema polepole, "mtumbwi wa wavuvi uliyumba kidogo tu, nawe ukaniminya mkono kucha zikaniingia. Tangu hapo natangulia kutazama, nijue maji yako wapi, niyaruke. Hii mashua, hata mimi ilinishinda. Nikazima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nakuhurumia. Na kiburi chako cha chuma hicho!"

Akanyoosha kidole arushe mbele. Joram akamzuia. "Usiruke. Nishike tu."

Wakatazama mpaka mazishi, mpaka nyimbo za mwisho. Joram alilia, hakujificha. Kisha akapangusa uso kwa leso ya rimoti.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ninaye wangu, hutangulia kuvuka maji ili mimi nisilowe."

Jibu Metrine alilijua. Akatikisa kichwa. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Metrine akamtazama machoni. "Nakupa Usenge."

Joram akashusha pumzi ndefu. "Nitakwenda Usenge..."

"Haisemwi hivyo, wewe! Husemwa nilikwenda."

"Bado sijaenda, Jaber. Nitakwenda Jumamosi, na wewe, nikusimamishe mbele ya mama. Jibu atakwambia yeye, akikukaribisha kama mke wangu. Utakubali?"

Metrine akaichukua rimoti, akabonyeza kitufe chekundu.

"Acha turekodi mchezo wa Jumatano basi," akasema, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. "Jumapili hii hatutakuwapo kuutazama."