Vifungo vya Shati la Mhina

"Umefuata nini?"

Mama mkwe aliniuliza mlangoni, pale Handeni, shikamoo yangu hata hajaiitikia.

"Nimemfuata mke wangu, mama."

"Yule mvivu?"

Neno hilo lilikuwa langu, nikainamisha kichwa.

Mwaka jana Mwantumu alishikwa na homa kali nyumbani kwetu Korogwe. Homa iliondoka baada ya wiki, maumivu ya viungo yakabaki. Alikuwa msusi wa kutafutwa, wateja wanapanga foleni tangu asubuhi, lakini sasa hata chanuo lilimponyoka. Alipimwa malaria, haikuonekana. Nami, mjuaji wa stendi, nikatoa hukumu:

"Malaria hakuna, basi na wewe huumwi. Mvivu tu wewe, umechoka na ndoa, sema."

Nikampandisha basi arudi kwao. Alipofika Segera akanitumia meseji: "Naumwa kweli, Mhina. Ungeniamini tu." Sikujibu.

Masika ya mwaka huu ikaja zamu yangu. Daktari akaniambia ni chikungunya, ya mbu, na kwamba viungo vinaweza kuuma kwa miezi mingi. Mkono ukakataa klachi, bodaboda yangu sasa anaiendesha Kibwana, kijana wa stendi yetu. Na kila asubuhi, nikijaribu kukunja vidole, naisikia sauti yangu mwenyewe chumbani: "Huumwi." Naiogopa sauti ile kuliko maumivu.

Mwantumu alitoka amevaa dera, kikombe amekibeba kwa viganja viwili. Akalitazama shati langu.

"Nani kakufunga vifungo?"

Nilijitazama. Upande mmoja umepanda, viwili vya juu viko wazi.

"Nimefunga mwenyewe. Nimeanza kabla jua halijatoka."

Nililitazama dera lake. Nilikuwa nikimgombeza kwa sababu ya dera, kutwa dera, nguo nyingine huna? Dera halina vifungo. Nimelijua hilo juzi tu.

"Na vifundo vya miguu?" aliuliza.

"Navyo. Ngazi za basi nimeshuka kinyumenyume."

"Mhina, usingeumwa, ungekuja?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa na maneno matamu niliyoyapanga njia nzima.

"Nisingekuja," nilisema, nikaanza kulia mbele ya mama mkwe.

Mwantumu aliweka kikombe chini, akaanza kufungua vifungo vyangu na kuvifunga upya, kimoja kimoja. Kifungo cha tatu kilimshinda mara nne, akapumzika, akakirudia.

"Unanisamehe?"

"Hilo usiniulize leo."

"Nirudi Korogwe, basi?"

Alimaliza cha mwisho, akanishika kola.

"Mama," aliita bila kugeuka, "chemsha maji. Huyu asubuhi atahitaji ya moto ya kukanda mikono, la sivyo hataamka."

"Unamwamini huyu?"

"Kwamba anaumwa? Namwamini," alisema Mwantumu. "Mimi namwamini."