Mama Amelala, Ndege Haitui

"Nyigu, uko hewani?"

"Hewani kabisa, Mkuu. Kiti cha dirishani."

Sauti ilitoka kwenye hereni ya sikio la kushoto. Mkuu hakucheka. Mkuu huwa hacheki.

"Mgonjwa umemwona?"

Alimwona. Safu ya tatu. Mama mmoja kafunikwa blanketi hadi kidevuni, usingizi wa pono. Pembeni yake kijana nadhifu akimpangusa mate kwa leso.

Mwana Mwema, Nyigu alimbatiza.

Mwana mwema wa kukodi.

Mama yule alikuwa mhandisi wa bwawa kubwa. Namba za siri za kufungulia milango ya maji zilikuwa kichwani mwake, na majasusi wa kigeni walizitaka. Akishushwa uwanja wa ndege wanaoendea, ng'ambo ya mpaka, ndiyo basi tena. Huko Nyigu hana mamlaka hata ya kumfukuza nzi.

"Muuguzi aliyemchoma sindano tumembana," alisema Mkuu. "Mama ataamka saa kumi."

Nyigu aliitupia jicho saa yake ya Casio. Kilomita mia sita. Dakika hamsini na tano. Wangetua saa tisa na nusu.

Washenzi walipiga hesabu zao vizuri.

"Nimwamshe?"

"Haamshiki. Refusha safari."

"Mkuu, safari ni lastiki niivute?"

Mkuu alishakata.

Nyigu alimwonyesha mhudumu kitambulisho. Mlango wa mbele ukafunguliwa.

"Dada, nigeuze ndege kwa maneno matupu?" rubani alifoka. "Karatasi za yule kijana zimenyooka. Akiwa mama yake kweli, kibarua changu kimeota nyasi."

"Usigeuze. Zunguka tu mpaka aamke, umuulize mwenyewe."

Rubani alikodolea macho kipimo cha mafuta. "Nusu saa. Nibakize ya kurudia nyumbani, kama usemayo ni kweli. Ikipita natua, hata ukilia."

"Mimi silii, kapteni. Naliza."

Bawa likainama.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Jua lilihama madirisha ya kushoto likaja ya kulia, likarudi. Mtoto akatapika. Abiria wakaanza kuguna.

Mwana Mwema aliangalia saa. Akaangalia tena. Jasho.

Mkono ukaingia kwenye koti, ukatoka na sindano ya kalamu.

"Dawa ya mama," alimwambia mhudumu, meno yote nje.

Nyigu alishafika.

"Pole kwa kuuguza, kaka. Ngoja nikupokee."

Akamkamata kifundo cha mkono. Akakisokota. Kalamu ikaanguka, kisigino kikaisaga.

"Jamani! Anataka kumuua mama yangu!"

Wanaume wawili walimrukia Nyigu, wakamkunja mikono nyuma. Angeweza kuwavunja. Hakuwavunja. Walikuwa watu wema, wamepotoshwa tu.

Spika ikakwaruza. "Abiria, tunatua."

Magurudumu yakateremka. Chini, lami ya ugenini ilikuwa inakuja mbio.

"Mama!" Nyigu alipaza sauti. "Mama, mwanao anakuita!"

Blanketi likatikisika. Jicho moja likafunguka, likamkagua Mwana Mwema juu mpaka chini.

"Mwanangu?" Ulimi ulikuwa mzito. "Mimi nina mabinti watatu. Huyu nimemzaa lini?"

Mhudumu akakimbilia mlango wa mbele. Injini zikanguruma, ndege ikanyanyua pua. Wale wanaume wawili walimwachia Nyigu, wakamgeukia Mwana Mwema. Walimfunga mikanda mitatu. Mmoja ungetosha.

Nyumbani, polisi walikuwa wamejipanga chini ya ngazi. Rubani alimkuta Nyigu mlangoni.

"Ripoti niandikeje, dada? Zaidi ya saa mbili angani, umbali sifuri?"

Nyigu alivaa miwani ya jua.

"Andika mama karudi kwa mabinti zake."

Akashuka, bila kugeuka.