Kisanduku cha Simu ya Pili

Simu ya mezani kwa Fundi Sekunde ilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha namba ya anayepiga. Asubuhi ya Jumatatu, saa nne kasoro dakika ishirini, iliita, na kioo hakikuonyesha namba. Kilionyesha maneno: KADI 3318 ASICHOMWE PENISILINI.

"Haloo?"

Ulisikika mvumo wa feni iliyochoka, na ndani yake pumzi ya mtu asiye na haraka. Kisha ikamfikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya chuma cha moto. Fundi aligeuka taratibu kutazama pembeni. Seva kuukuu, ile kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, ilikuwa palepale ilipowekwa tangu Ijumaa, waya wake umeviringishwa juu yake, haijachomekwa popote.

Tuseme ukweli sisi, maana Fundi hakuwa akiusema. Jina la Sekunde alipachikwa na wafanyakazi wa hospitali alikokuwa fundi wa kompyuta, kwa sababu kila kazi aliyoombwa alijibu, "Sekunde moja tu." Wiki tatu nyuma alikuwa amehamisha kumbukumbu zote za wagonjwa kutoka toleo la zamani la programu kwenda toleo jipya. Lile la zamani halikuwa na mahali pa kuandika dawa inayomkataa mgonjwa. Lilikuwa na kisanduku cha simu ya kwanza na kisanduku cha simu ya pili, na hiki cha pili kilitokea juu kabisa ya ukurasa, kwa rangi nyekundu. Wagonjwa wenye simu mbili walikuwa wa kuhesabu, basi manesi wakakigeuza kuwa cha maonyo. Miaka kumi na minne walifanya hivyo. Hakuna aliyemwambia Fundi, na Fundi hakuuliza.

Siku ya kuhama, programu ilikuta herufi mahali pa tarakimu, ikasimama. Ikasema namba za simu mia mbili na kumi na mbili si sahihi. Azitazame, au aziruke? Ilikuwa Jumamosi mchana, mke wake anamsubiri nje, na simu ya pili ni kitu gani bwana? Sekunde moja tu. Akaziruka zote.

Alhamisi iliyopita mama mmoja, muuza vitambaa, alichomwa penisilini akafa kabla hajashuka kitandani. Fundi alipofungua seva kuukuu na kusoma kisanduku chake cha simu ya pili, alikuta onyo lipo: asichomwe penisilini. Alikuwa na nafasi ya kwenda kusema. Badala yake, Ijumaa aliifuta seva yote pamoja na nakala ya akiba, na nesi aliyeshika sindano akasimamishwa kazi.

Kadi 3318 alikuwa dereva wa lori, wa tatu kwenye benchi nje ya chumba cha sindano. Fundi alifungua ukurasa wake akaandika onyo kwenye kisanduku kipya. Nesi akalisoma, akabadilisha dawa, dereva akaondoka anapiga mluzi. Fundi alifurahi kama dakika tano hivi. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mtu, au kitu, kinayajua maneno aliyoyafuta kwa mkono wake.

Jumanne simu ikaita tena, dakika ileile. Jumatano ikaita mara mbili. Kila mara kadi, kila mara onyo, na kila mara mwenye kadi alikuwa benchini akisubiri zamu. Fundi akawa anaandika kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, akijiambia kwamba kwa mwendo huu kosa litajiziba lenyewe bila mtu kujua.

Nesi yule aliyesimamishwa aliitwa Dada Pole, kwa kuwa alikuwa akisema pole kabla hata hajafungua pamba. Alimjia Fundi siku ya Alhamisi, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Fundi, naomba uniangalizie kitu. Onyo la yule mama niliandika mimi mwenyewe, kwenye simu ya pili. Siku ile kisanduku cha onyo nilikikuta kitupu, nikadhani nimemchanganya na mtu mwingine."

"Nimeshaangalia, dada. Hakuna kitu."

"Hata kwenye ile mashine ya zamani?"

"Hakuna."

Dada Pole alitikisa kichwa. "Basi nimemuua mimi," akasema polepole, akaondoka. Mvumo wa feni ukaanza pembeni, na Fundi hakugeuka kutazama. Aliona haya mbele ya chuma.

Wiki ya pili kilimfuata nyumbani. Jumapili alikuta mke wake amekaa mkekani anakunja nguo, macho yamemtoka, anataja namba za kadi kwa sauti isiyo yake, kavu, isiyopanda wala kushuka, na kila alipomaliza namba moja aliongeza jina la dawa, dawa ambazo mwanamke yule mshona nguo hajawahi kuzisikia maishani mwake, na chumba kizima kikanuka vumbi la kuungua, na simu zote mbili za ndani ya nyumba zikawa zinaita kwa pamoja na hakuna hata moja iliyokuwa na chaji.

Alipozinduka aliuliza kwa kunong'ona, "Umeleta nini humu ndani, mume wangu?"

"Sijaleta kitu."

"Basi kamtafute mtu wa kukitoa. Mimi naogopa kukaa nyumba hii."

Siku ya kumi na tisa tangu simu ya kwanza akaja mganga, mwanamke mfupi waliyemwita Mama Ubani. Alifukiza chumba, akamketisha mke wa Fundi katikati, akamfunika shuka nyeupe.

"Wewe uliyekaa humu, nani wewe?"

"Mkazi wa ndani ya kasha lile kuukuu," ilijibu ile sauti kavu chini ya shuka. "Miaka kumi na minne nasikiliza wanachoandika. Huyu akanifutia nyumba. Maneno nimeyabeba mimi, na ni mazito."

"Unataka nini uondoke? Mavazi? Damu?"

"Sitaki kitu. Aseme tu. Akisema, nitayatua yote mbele yake, moja moja."

Mama Ubani alimgeukia Fundi. "Aseme nini, mwanangu?"

Hapo ndipo pa kuokoka palipokuwa, na Fundi alipaona wazi kama mlango. Aliona uso wa Dada Pole. Aliona pia ofisi ya mganga mkuu wa hospitali, na mikono ya watoto wa muuza vitambaa ikimnyooshea kidole.

"Sijui, Mama. Majini si waongo? Mtoe tu."

"Huyu hajanitukana wala hajanitisha," mganga alisema kwa wasiwasi. "Jini wa namna hii ni mwepesi kumtoa. Ila nikimtoa, anakwenda na alichobeba. Umenielewa?"

"Mtoe."

Ilichukua muda mfupi tu. Shuka ilitulia, harufu ikapotea, na mke wa Fundi akalala usingizi mzito mchana kweupe.

Kesho yake Fundi aliwahi kazini. Saa nne kasoro dakika ishirini simu haikuita. Alishusha pumzi. Robo saa ikapita, kimya. Akachungulia nje: benchini walikuwa wamekaa watu ishirini na mbili. Tangu simu ya kwanza, benchi lile halijapata kukosa mtu wa kuonywa.

Alitoka mbio, akaanza kuuliza mmoja mmoja kama kuna dawa inayomkataa. Hapana. Hapana. Sikumbuki. Ndani ya chumba, bibi mmoja alikuwa ameshapanda kitandani, na nesi mgeni anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Bibi, kuna dawa inakukataa?"

"Ipo, baba. Jina ndiyo silijui. Mwaka ule nilivimba uso wote, yule binti wa pole, pole, akaniandikia kwenye kompyuta. Si mnayo humo?"

"Humu kisanduku ni kitupu, bibi," alisema nesi. "Kikiwa kitupu maana yake hakuna."

Fundi alitega sikio. Mlango wa ofisi yake alikuwa ameuacha wazi. Aliiomba simu iite, aliiomba kama mtu anavyomwomba mzazi. Haikuita.

"Weka chini sindano," akasema. Sauti ilimtoka kavu, na watu wa benchini wakasogea mlangoni. "Ilikuwamo. Niliifuta mimi. Ya kwake, na ya yule muuza vitambaa, na za wengine mia mbili. Dada Pole hana kosa lolote."

Nesi aliweka bomba mezani polepole.

"Wengine akina nani, Fundi? Tupe namba za kadi zao tuwazuie."

Fundi alizitazama nyuso pale mlangoni, zote zimemwelekea yeye, zikingoja.

"Sizijui," akasema. "Aliyekuwa anazijua nimemfukuza jana."