Kioo Kipya cha Saa ya Baba

Asubuhi dobi alipiga pasi karibu na dirisha. Mvuke ulipanda, ukajaza chumba kama ukungu. Saa ya marehemu mumewe ilikuwa mezani, ikienda ti, ti, ti. Dobi akiisikia, huona kama mumewe yumo chumba cha pili, anafunga kamba za viatu.

Kesho yake binti yao angeanza kazi ya uuguzi. Muuguzi hupima mapigo ya moyo kwa saa yenye mshale wa sekunde. Dobi alitaka binti aende na saa ya babake. Lakini kioo kilijaa mikwaruzo. Mishale ilionekana kwa mbali, kama samaki chini ya maji.

"Doa ni doa tu," dobi alijiambia. Akachukua majivu, akasugua kama anavyosugua sufuria. Alipofuta, kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Mishale ilipotea kabisa.

Akaikimbiza kwa jirani yake, Bi Miwani, aliyewahi kufanya kazi katika duka la saa.

"Shoga, nimeiua saa ya marehemu."

Bi Miwani akaiweka sikioni. "Mfu gani huyu anayepumua? Umeitia nini?"

"Majivu."

"Ungeipiga na pasi kabisa." Wakacheka. "Kioo hiki ni plastiki. Majivu huzidisha mikwaruzo. Kibadilishe mwenyewe."

"Kwa mikono hii ya kukamua mashuka?"

"Hiyohiyo. Ila taratibu, mwenzangu."

Wakafunga dirisha, maana vumbi ni adui wa saa. Wakatandika kitambaa cheupe mezani. Bi Miwani akamvisha miwani yake kulinda macho, kisha akamwonyesha pengo dogo ubavuni mwa pete inayoshika kioo.

"Saa isiyo na pengo hili, mpelekee fundi."

Dobi akaingiza ncha ya kisu butu, akakizungusha polepole. Pete ikaachia, tak. Kioo kikatoka.

"Mishale usiiguse. Ni laini kama unyoya."

Wakaifunika saa kwa bilauri. Dobi akaenda dukani na kioo cha zamani mkononi, akarudi na kipya chenye upana na unene uleule. Kikizidi hakiingii, kikipungua kinacheza.

Alitaka kupuliza vumbi kwa mdomo. "Utaitia mate," Bi Miwani akamzuia, akampa kipulizio cha mpira. Dobi akashika kioo pembeni, asiache alama za vidole. Akakiweka, akarudisha pete, akabana sawasawa kwa vidole gumba viwili. Tak.

"Usiingie nayo majini," Bi Miwani akaonya. "Maji yanaweza kupenya."

"Kumbe haitaki kazi yangu ya kufua. Kama marehemu alivyokuwa."

Jioni binti aliivaa saa. Kisha akasema, "Mama, lete mkono."

Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mamake, macho kwenye saa. Mvuke wa pasi ulielea chumbani. Chini ya kioo safi mshale wa sekunde ulitembea, hatua kwa hatua, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka.

"Moyo wako unakwenda mbio, Mama."

"Uache tu. Unakusindikiza."