Kitanzi cha Nne

Jumatano hiyo ilianza vizuri tu. Fundi alikuwa amemaliza sare za shule zilizomkaba koo wiki nzima. Alifuta meza ya kukatia, akatandaza karatasi ya mitindo, na badala ya kuchora sketi akachora pango. Mlango, ngazi, chumba cha kwanza, chumba cha pili, na kule mwisho duara moja kubwa ambalo hakuliandika kitu. Jumamosi angekwenda huko, mtu apende asipende.

Wasiopenda walikuwepo. Shangazi yake, aliyeishi naye na kumkosoa kuanzia chai ya asubuhi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage huku amenuna.

"Mwanangu, umerogwa au umechoka kuishi?"

"Vyote viwili havinihusu, shangazi. Namfuata mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa mwongozaji wa wageni katika pango hilo la mawe ya chokaa. Kazi ile ilikuwa na desturi yake. Wageni wakifika chumba cha mwisho, mwongozaji huzima taa kwa dakika moja ili waonje giza lenyewe, lile lisilo na hata ufa. Kabla ya kuwasha, kila mgeni hutaja namba yake, ijulikane hakuna aliyetangatanga. Siku hiyo, miaka sita iliyopita, wageni walikuwa kumi na mmoja. Gizani zikajibu sauti kumi na mbili.

Mwongozaji mwenzake, mzee waliyemwita Babu Tochi, alikuwa nyuma ya msafara na alizisikia. Alinyamaza. Lakini mdogo wake Fundi, binti mwenye adabu za kazi, alidhani kuna mgeni aliyeongezeka njiani. Akasema, "Karibu, sogea kwa wenzako."

Taa ilipowashwa, wageni walikuwa kumi na mmoja. Binti hakuwepo.

Walimtafuta wiki tatu, hawakupata hata kiatu. Kisha familia ikashauriwa ifunge msiba na isimwite tena kwa jina. Mama yao alikufa akiwa bado anamwekea sahani mezani, na hilo ndilo lililomkaa Fundi rohoni. Maelezo ya watu alikuwa ameyachoka. Alimtaka mdogo wake, awe mzima au awe mifupa, atoke kule chini arudi nyumbani.

Wangekwenda watatu: yeye, kaka yao mkubwa aliyekuwa fundi bomba mwenye gari, na Babu Tochi, ambaye tangu siku ile hakuwahi kulala bila taa na alisema maisha hayo yamemshinda. Ili giza lisiwatenganishe, Fundi alishona utepe mrefu wa turubai wenye vitanzi vitatu vya kupitishia mkono. Alipiga mashine mara mbili kila kitanzi, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukuachia hata uzi mmoja.

Shangazi alipokwenda uani kuinjika maharage, Fundi alipiga simu ofisi ya pango.

"Tutakuwa watatu," alimwambia karani.

"Watatu au wanne?"

"Watatu, dada."

"Haya. Ila mwambie huyo anayesema 'nne' hapo nyuma yako aache utani. Ananichanganya."

Fundi aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na cherehani, na kiti.

Alhamisi asubuhi, utepe ulikuwa na vitanzi vinne.

Alimwita kaka yake. Wakauweka dirishani penye mwanga. Kitanzi cha nne kilishonwa kwa mkono, na mishono yake ililala upande wa pili, jinsi anavyoshona mtu wa mkono wa kushoto. Katika familia yao mwenye mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu. Fundi ndiye aliyemfundisha kushona, na kumbadilisha mkono kulimshinda.

"Ni mkono wake," alinong'ona.

"Au wa aliyemchukua," kaka akajibu. "Amekaa naye miaka sita. Atashindwaje kumwiga mshono?"

Fundi alichukua mkasi akakifumua chote. Akafunga chumba, akavaa ufunguo shingoni, wakaenda kunywa chai. Walirudi vikombe havijapoa. Kitanzi kilikuwa kimeshonwa tena. Uzi ulikuwa umelowa. Ulinuka mawe.

"Ahirisheni," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Na kama ni lazima mwende, basi msikikaribishe kitu hicho, kama alivyofanya yeye."

Hasira ilimfika Fundi mdomoni. Miaka sita ya kuambiwa nyamaza! Alisogea hadi kwenye kile kiti kitupu, akakiinamia.

"Nisikilize vizuri. Kama ni wewe, mdogo wangu, Jumamosi nakuja kukuchukua, jiandae. Na kama si yeye, ujue umejishonea mwenyewe. Umenipa pa kukushikia. Nitakuburuza mpaka juani nikuone sura."

Kiti kililia kidogo, kama vinavyolia viti mtu anapoinuka.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Babu Tochi alikaa kiti cha nyuma cha gari, tochi yake ikiwaka mchana kweupe, na safari hii hakuna aliyemcheka. Fundi alikaa mbele. Alijivika kitanzi cha kwanza, akamvika kaka yake cha pili, akampa mzee cha tatu. Cha nne kilibaki juu ya nafasi tupu kando ya mzee.

"Tufanye mazoezi ya kuhesabu," Fundi alisema. "Moja."

"Mbili," kaka akasema.

"Tatu." Sauti ya mzee ilikwaruza.

Fundi akageuka kutazama nyuma.

Kisha utepe ukavutwa. Mara mbili. Taratibu. Hivyo ndivyo mdogo wake alivyokuwa akimvuta gauni utotoni alipotaka kubebwa. Babu Tochi akatazama kando yake. Kitanzi cha nne kilikuwa kimejikaza hewani kama kilichovaliwa, upana wa kifundo cha mkono.

Fundi hakusema karibu. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Akauzungusha utepe kiganjani mara moja zaidi, akaukamata.

"Washa gari, kaka. Simwachii."

Gari lilipopotea kwenye kona, shangazi alichukua ndoo akaenda kupiga deki chumba cha kushonea. Sakafuni kulikuwa na nyayo za chokaa mbichi, nyeupe, za miguu mitupu. Zilianzia kwenye kiti zikaishia mlangoni. Alizisugua mara tatu, hazikutoka. Akapiga magoti, akaanza kutafuta za kuingia. Hazikuwepo.