Betri Iliyoanikwa Juu ya Bati

Rachel wa mtaa wa Olasiti alikuwa na ugonjwa mmoja: nyaya. Akishatoka kazini na kuosha vyombo, huyo, anashika koleo na kuunganisha vitaa vyake. Safari hii alikuwa anamtengenezea binti yake Hope taa ya kitandani. Hope alikuwa anaogopa giza vibaya sana.

Taa ilihitaji betri ndogo ya kuchaji. Rachel alifungua simu mbovu, akatoa ya humo. Ilikuwa imevimba kidogo.

"Aa, si kitu," alisema.

Lakini taa iliwaka kwa unyonge. Mama mkwe wake, Bibi Anaeli, aliyekuwa ameteremka kutoka Meru kuwasalimia, akacheka.

"Nyie watu wa mjini bwana! Betri ikichoka inaanikwa. Sisi za redio tulikuwa tunaweka juani, jioni tunasikiliza kwaya."

Akaichukua, akaiweka juu ya bati la banda la kuku. Jua lilikuwa kali. Alasiri Rachel aliirudisha kwenye taa, akaiweka chaji kitandani, kando ya mto wa Hope. Mtoto alikuwa amelala hapo hapo, ana mafua.

Haukupita muda mrefu, Hope akaita.

"Mama, kuna kitu kinanuka rangi ya kucha."

Rachel aliingia. Betri ilikuwa imefura kama andazi, inalia ssss. Akanyoosha mkono aichomoe.

"Usiishike!" Alikuwa jirani yao Violet, fundi wa sola, aliyekuja kuomba kitunguu. "Mbebe mtoto, tokeni nje!"

Rachel akamnyakua Hope. Hawajafika uani, puu! Moshi mzito ukatoka mlangoni.

"Yesu wangu! Mtoto yuko wapi?" Bibi Anaeli alipiga kelele.

"Huyu hapa, mama! Huyu hapa!"

Violet alikata umeme kwenye swichi kuu. Kisha wakamwaga maji ndoo kwa ndoo wakiwa mlangoni, pua wamefunika kwa khanga, mpaka moto ukazimika. Mto ulikuwa na shimo jeusi pale alipolaza kichwa Hope.

Bibi Anaeli akakaa chini kwenye vumbi. "Nusura nimuue mjukuu wangu."

"Tulikosea wote, mama," Rachel alisema.

"Shikamoo, mama," Violet alisema, akachuchumaa. Katika hekaheka hata salamu alikuwa amesahau.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kuanika ni kosa?"

"Hii ni lithiamu. Joto linaiharibu. Ikivimba haichajiwi, haitobolewi, haichomwi. Inapelekwa kwa wanaopokea taka za umeme."

"Sasa nitumie betri gani?" Rachel aliuliza.

"Kwa taa hii, tafuta za kuchaji za nikeli, umbo la betri za rimoti. Tatu zinatosha. Soma volti zilizoandikwa, zilingane na kifaa chako. Zichajie kwenye chaja yake, mbali na kitanda, na wewe uwepo, ukiwa macho."

"Na kifaa kikihitaji lithiamu?"

"Nunua mpya, yenye ulinzi ndani yake wa kukata umeme ikijaa, na chaja ya aina yake. Ya simu mbovu achana nayo kabisa. Umenisikia, mama Hope?"

"Nimekusikia."

Rachel alitengeneza taa upya. Betri za nikeli alizichajia sebuleni juu ya kigae, naye amekaa hapo hapo. Lakini Hope aliiona taa akajificha nyuma ya bibi yake.

"Siitaki! Nataka giza!"

Rachel alilia. Mtoto aliyekuwa akiogopa giza sasa analikimbilia.

Bibi Anaeli aliichukua taa, akaigusisha shavuni mwake. Kisha akaigusisha kwenye shavu la Hope.

"Ina joto?"

"Hapana. Ya baridi."

"Basi kila jioni bibi ataigusa kwanza."

Bibi Anaeli alikuwa amekuja kukaa siku chache tu. Mpaka leo hajarudi Meru.